Sonara wa Langoni na timbi za nyanya

Mwenye timbi (bangili nene), mkufu au mafurungu (pambo za miguuni) ya fedha aliyoachiwa na wazee wake, yakawa yamevunjika na hataki yayeyushwe, ampelekee sonara mmoja wa Langoni, hapa Lamu. Ukitoka uwanja wa Ngome ukaishika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuelekea kusini, utapita maduka ya viatu na cherehani za mafundi wa kanzu, kisha utakuta kiduka chembamba ambacho wateja wawili wakikaa ndani, wa tatu hungoja barazani. Mwenyewe hapendi jina lake liandikwe, na nimemheshimu. Uliza tu mzee anayelehemu fedha za kale, mtaa unamjua.

Mimi nilimpelekea timbi mbili za nyanya yangu. Ya mkono wa kulia bawaba yake ilikuwa imekatika na pini ya kufungia imepotea. Ya kushoto ilikuwa nzima, ila imelegea, na zote mbili zimeingia weusi hata nakshi hazisomeki. Kwa sonara hii si kazi kubwa. Lakini sitaweza kueleza kwa nini namsifu hivi bila ya kusema kwanza timbi zenyewe zilikuwa za nani.

Nyanya alifariki mwaka jana akiwa na miaka 90 na ushee. Kitambulisho chake kiliandikwa 1932, mwaka aliopewa na karani. Yeye mwenyewe alijihesabu kwa vita: Waingereza walipowatoa Waitaliano Kismayu, 1941, alikuwa mtoto wa kutumwa kisimani. Kwao ni upande wa Kiunga, vijiji vya Wabajuni vya bara. Alipoposwa, mama yake alifukua riale nne alizokuwa amezizika chini ya kitanda, akazipeleka Siyu, kisiwani Pate, zikafuliwa timbi mbili. Zilikuwa riale za Maria Theresa, zile zenye sura ya malkia na mwaka 1780, ambazo hata zikipigwa miaka mia baadaye mwaka wake haubadiliki. Pwani yote ilizitumia, na zilipokwisha kutumika sokoni zikaenda kwa masonara. Pambo nyingi za bibi zetu ni riale zilizogeuzwa sura.

Baada ya uhuru wa 1963 vikaja vita vya shifta, wapiganaji waliotaka kaskazini-mashariki ya Kenya iungane na Somalia, na vijiji vile vya bara vikahamwa kimoja baada ya kingine. Watu walikimbilia visiwani, wengine wakashuka mpaka Malindi na Mombasa. Nyanya alipanda jahazi usiku na watoto wake wadogo, akaacha mtama shambani na kuku bandani. Walipokuwa wakiteremka Lamu, mkono wake wa kulia ulibanwa baina ya ubavu wa jahazi na ukuta wa gati. Timbi ilibonyea, mfupa ukasalimika. Bonde lile alitutia kidole tulishike kila alipotusimulia, na hakupata kutusimulia kwa majonzi. Alisema, "Fedha ya mamangu ilinilipia mkono."

Hapa Lamu alianza na chumba cha kupanga Langoni, akawa mpishi wa mahamri na mbaazi. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri akaukanda unga uliolala, na jua likitoka kapu lilikuwa limekwisha. Kilichobaki, ikiwa kimebaki, walipewa watoto wa chuo cha Qurani siku ile ile. Chakula cha jana hakikuuzwa kwake. Mwaka mbaya ulipokuja, timbi zilikwenda rehani. Karo ya mamangu ililipwa hivyo, ndipo akamaliza shule akawa mwalimu. Kila zilipokwenda zilirudi, kwa pesa za mahamri, shilingi kwa shilingi. Mama alipopangiwa kazi Garsen nilikuwa bado nanyonya kidole, nikaachwa kwa nyanya. Yeye ndiye niliyemwita Mama. Mamangu akija likizo nikimwita dada, na wote wawili waliniacha niite nipendavyo mpaka nilipofahamu mwenyewe.

Basi hizo ndizo timbi.

Kabla ya Langoni nilikuwa nimezionyesha kwa sonara mwingine, wa mji mwingine ninakofanya kazi. Alizitia kwenye mizani akataja bei ya fedha chakavu, akasema hazifai kutengenezwa, afadhali nimwachie anipe bangili mpya za kigeni niongeze kidogo. Hakuzigeuza hata mara moja kutazama ndani. Nilizifunga katika leso yangu nikatoka.

Sonara wa Langoni alizigeuza. Alizipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akatazama moja kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. "Timbi hizi nazijua," alisema. "Mkono huu umenipa mahamri nikienda chuo." Alizitambua timbi kabla ya kunitambua mimi, na tangu hapo sikuwa mteja tu. Aliagiza kahawa. Alinipa pole ya msiba, akamrehemu nyanya, akauliza mama yangu yu hali gani na mjomba yupi yuko Lamu sasa. Ndipo tukaingia kazini.

Nitaeleza alivyofanya, kwa sababu nilikaa pale nikaona kwa macho yangu, na mtu anayepeleka mali ya marehemu ana haki ya kujua itafanywa nini.

Kwanza aliipima. Alisugua ukingo wa timbi kwenye jiwe jeusi, akatia tone la tindikali kwenye ule mstari, akatazama rangi. Alisema ni fedha ya riale, si ya siku hizi. Riale si fedha tupu: sehemu 833 katika 1,000 ni fedha na iliyobaki ni shaba, ilhali fedha nyingi ya madukani leo imepigwa muhuri wa 925. Jambo hili lina maana kwa fundi, kwa sababu lehemu inayochaguliwa ni lazima iyeyuke mapema kuliko timbi yenyewe. Fundi asiyejua anaweza kuanza kutengeneza bawaba akamaliza na donge.

Kisha mizani. Riale moja ilikuwa na gramu 28 hivi, kwa hiyo kila timbi, iliyofuliwa kwa riale mbili, ilianza na 56. Ya kushoto ilikuwa imebaki na 54. Ya kulia ilikuwa na 51. Niliuliza zilizopungua zimekwenda wapi. Ami, ndivyo nimwitavyo sonara huyu, aliziweka mezani akanihesabia: pini iliyopotea tuseme gramu moja, tupa la fundi wa Siyu lilikula kidogo pande zote mbili wakati wa kulainisha. "Hizo nyingine amezimaliza nyanya yako mwenyewe," alisema. "Mkono wa kulia ndio uliokanda." Nilikuwa sijapata kumpimia mtu kazi yake kwa namna hiyo. Gramu mbili za fedha ngumu, zilizolika kwa unga, kwa maji ya kuoshea masufuria, kwa mbao za meza, kwa mashavu yetu alipotushika atupake mafuta.

Alipoifungua bawaba, ndani ya kile kitundu chake alikuta kitu cha kijivu kilichoganda kama simiti. Alikichokoa kwa sindano polepole, kikatoka vipande vipande, akavikusanya juu ya karatasi. Alivinusa. "Mahamri haya, mwanangu." Ulikuwa unga, umechanganyika na mafuta, umekaa mle sijui tangu lini. Akaniuliza nataka kuuhifadhi au autupe. Nilimwambia autupe. Nyanya hakupata kuweka unga hadi ukachacha, na nisingeanza mimi kwa niaba yake. Aliukunja kwenye karatasi akauweka kando, hakuupuliza sakafuni. Adabu ndogo ndogo kama hizi ndizo zilizonifanya niandike.

Kulehemu kwenyewe hakukuchukua muda. Siku hizi anatumia gesi, mvukuto wa baba yake umetundikwa ukutani. Alifinyanga udongo mbichi akaufunika pale palipokuwa na lehemu ya zamani, moto usije ukaifumua hiyo wakati anaunga hii. Alipaka tangawizi ya unga, nilidhani, kumbe ni borakisi, inayozuia kutu ya moto na kuifanya lehemu itiririke. Aliipasha timbi yote moto sawasawa, si pale penye kazi tu, kwa kuwa fedha hupitisha joto upesi na ukichoma mahali pamoja lehemu hukimbilia penye moto zaidi. Ilipong'aa ikawa nyekundu ya kufifia, kipande cha lehemu kilikaa, kikatetemeka, kikanywewa na ufa. Akazima gesi. Halafu timbi ikachemshwa katika maji ya shabu, shabu hii hii ya vinyozi, ikatoka nyeupe isiyong'aa, kama chokaa. Mng'aro ukaja baadaye, kwa majivu laini na kitambaa cha pamba.

Sasa nafika penyewe. Kabla ya kung'arisha, aliiweka ile ya kulia juu ya gogo lake la kufulia, akaishika nyundo ya mbao, akaweka kidole juu ya lile bonde. Akaacha. Akaniuliza, "Hili nalo nilinyooshe?"

Angeweza kulinyoosha bila kuuliza. Ni kazi ya dakika, na fundi yeyote angeona anakufanyia hisani. Nilimweleza habari ya jahazi. Aliirudisha nyundo mahali pake, na alipong'arisha alipita pembeni ya bonde, weusi wake ukabaki ndani ili lionekane. Kwa nakshi pia alikuwa na msimamo huo huo. Upande wa ndani wa mkono zimelika kabisa, upande wa nje bado kuna maua na mistari. Alisema anaweza kuzichonga upya zote, lakini zitakuwa nakshi zake yeye, si za fundi wa Siyu, na hatanishauri.

Nyumbani kulikuwa na maneno. Binti ya mjomba wangu alitaka zichovywe dhahabu, apate kuivaa yake arusini. Simlaumu, ni msichana, na nyanya mwenyewe alipenda mapambo mpaka mwisho. Siku za Idi alituagiza asumini na kukipanga kikuba chake mwenyewe hata macho yalipokuwa hayaoni vizuri. Tulikwenda naye dukani. Ami hakubishana naye. Alimwonyesha pete iliyochovywa, imeanza kubambuka chini ya kidole, akamwambia dhahabu ya kuchovya hukaa muda mfupi kwenye kitu kinachosuguliwa kila siku, na ili ishike vizuri lazima aikwangue fedha kwanza. Kisha akamvalisha timbi ilivyo. Basi. Alirudi nyumbani nayo mkononi na hakulitaja tena lile.

Kuna huduma moja ambayo sikuitarajia na ambayo nadhani itawafaa wengi. Mali ya marehemu ina hesabu yake. Nyanya alikuwa ametuusia timbi sisi wajukuu wawili wa kike, na mjukuu ambaye wajomba zake wako hai si mrithi, kwa hiyo wasia kwetu unaswihi maadamu haukupita theluthi ya mali yote. Lakini ili theluthi ijulikane ni lazima kila kitu kipimwe: sehemu ya nyumba, vyombo, fedha. Nilimweleza Ami, naye akasema niwaite wenyewe. Walikuja wajomba wawili na mama. Alizipima mbele yao, akawasomesha mizani kila mmoja kwa zamu, akaandika kwenye karatasi uzito wa kila timbi, aina ya fedha na thamani yake kwa bei ya siku ile, akatia sahihi. Aliandika pia mkufu na kipini vya dhahabu ambavyo havikuwa vya kutengenezwa. Karatasi ile ndiyo tuliyoipeleka kwa kadhi, ikapokewa bila swali. Hakutaka malipo. Tumeona familia zikigombana kwa sababu mtu mmoja aliyachukua mapambo ya marehemu "ayaweke tu" kabla ya matanga kwisha. Mzani wa hadharani unaziba njia hiyo.

Malipo ya kazi yalikuwa shilingi 1,800 kwa timbi zote mbili: bawaba, pini mpya, kukaza na kusafisha. Unaweza kulipa kwa M-Pesa. Kwa kazi ile naona ni bei ya haki, tena ya chini.

Yapo ya kulalamikia, na nitayasema. Ahadi zake za siku hazishiki. Aliniambia nije Alhamisi, Alhamisi nikakuta hajaigusa ya pili, na mimi nilikuwa na safari ya kuvuka Mokowe kuwahi basi. Umeme ukikatika kazi husimama, hilo si lake, lakini hakupiga simu kuniarifu. Risiti pia hatoi mpaka umwombe. Aliingiza timbi zangu kwenye daftari lake kwa jina la nyanya tu, nikamtaka aandike na uzito, na wewe fanya hivyo siku ya kwanza, ukiwa bado umesimama dukani. Mahali penyewe ni padogo na mchana pana joto la kufisha. Mama mzima asiyeweza kukaa kwenye kibao atapata tabu. Na usimpelekee kazi karibu na Maulidi. Mfungo Sita mji hujaa wageni wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha, na meza yake hujaa pete.

Hizo pete, za vigae vya kaure vya kale vilivyozungushiwa fedha, ndizo wageni wanazozifuata. Nilimchukulia binti yangu moja. Nzuri, lakini ukingo wake ulikuwa mkali ukimkwaruza, nikairudisha ikapigwa tupa. Si kwa pete ninapomsifu mzee huyu.

Maneno yake ya utunzaji niliyaandika, nayo ni haya. Fedha huingia weusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani na kwenye vitu kama mayai na mpira, kwa hiyo isifungwe kwa mpira wala isiwekwe jikoni. Isisuguliwe kwa dawa ya meno, inaikwaruza. Isitiwe Jik kabisa. Ikae katika kitambaa cha pamba kikavu, ndani ya kitu kinachofunga. Lakini iliyo bora kuliko yote ni kuivaa, maana ngozi na nguo huisugua kila siku na weusi haupati nafasi. Nyanya hakupata kuzisafisha timbi zake kwa dawa yoyote, na katika miaka yote niliyolala ubavuni mwake sikuziona nyeusi. Weusi ulianza alipolazwa, wauguzi walipozivua na mama akazitia kwenye mfuko wa plastiki.

Ya kulia sasa iko mkononi mwangu, yenye bonde. Naandika nayo hapa, inagonga meza. Ya kushoto iko kwa binti ya mjomba. Pini mpya inabana vizuri, nimeijaribu kwa kufua na kwa kupika, haijalegea. Shangazi yetu wa Faza ameniletea mafurungu yake, moja limepasuka, niyapeleke kwa mzee yule yule. Nimemwambia angoje Maulidi yapite.

Asiye na haraka na aende. Mwenye arusi wiki ijayo atafute mwingine.